Maboksi 10 na keni 2: shajara ya mradi wetu wa sauti

Machi 2

Haya, nimeamua kuandika kila wiki tumefika wapi, maana najijua, nisipoandika huu mradi utaishia kwenye fleshi kama ule wa mapishi ya mwaka juzi. Kwa kifupi nataka kutoa episodi 6 za sauti kwa Kiswahili, dakika 15 hivi kila moja, kuhusu Wayahudi wa Warsaw, Poland, wakati wa vita ya pili ya dunia, na hasa kuhusu kikundi kilichoitwa Oyneg Shabes ambacho kazi yake ilikuwa kukusanya makaratasi. Ndio, makaratasi. Mi nina steshenari hapa Morogoro, nachapa, natoa kopi, nafunga spairo, karatasi ndo ugali wangu, sasa niliposikia kuna watu walizungushiwa ukuta, wanakufa njaa, risasi nje nje, halafu wakakaa chini wakaanza kunakili kila kitu mara mbili mara tatu ili kopi moja ikipotea nyingine ibaki, nikasema hawa wenzangu kabisa.

Jina lenyewe ni la Kiyidishi, maana yake Furaha ya Sabato, kwa sababu walikuwa wanakutana Jumamosi kwa siri. Jina la kuzugia. Ukilisikia unadhani ni wazee wanakunywa chai baada ya ibada.

Timu ni watu watatu. Mdogo wangu yuko chuo, ndo fundi sauti. Mimi naandika na kusoma. Wa tatu ni mwalimu mstaafu, mteja wangu wa siku nyingi, kafundisha historia mpaka nywele zimeisha, kakubali kupitia skripti kwa sharti moja tu: "Mwanangu, usiniletee hadithi ya kuliza watu. Niletee nani, lini, wapi. Kulia watalia wenyewe wakitaka."

Machi 9

Wiki nzima nimesoma habari za Emanuel Ringelblum, ndo aliyeanzisha. Kazaliwa 1900 mji unaitwa Buczacz, mwanahistoria, udaktari wake ulikuwa kuhusu Wayahudi wa Warsaw ya zamani sana, enzi za kati huko. Kitu kilichonikaa kichwani ni hiki, Agosti 1939 alikuwa Geneva kwenye mkutano, vita inanuka kila mahali, angeweza kubaki hukohuko Uswisi, yeye kageuza karudi Warsaw. Mke yuko huko, mtoto yuko huko, kazi iko huko.

Vita ilipoanza alikuwa kwenye shirika la kujisaidiana, majiko ya supu, wakimbizi waliofukuzwa vijiji na miji mingine, kwa hiyo kila aina ya mtu anapita mbele yake na shida yake, anasikiliza mchana halafu usiku anaandika. Alianza Oktoba 1939. Zile kurasa za mwanzo baadhi aliziandika kama barua, mpendwa baba, na nini na nini, ili zikikamatwa zionekane ni mambo ya familia.

Wajerumani wakafunga geto, yaani ule mtaa wa Wayahudi waliouzungushia ukuta, tarehe 16 Novemba 1940. Tarehe 22 Novemba Ringelblum kaitisha kikundi rasmi. Siku sita! Mimi nimechukua miezi minne kununua maiki.

Mwisho walifika watu 60 hivi, walimu, rabi, wachumi, washairi, vijana wadogo. Mmoja wao, Peretz Opoczyński, mwandishi wa habari, ndani ya geto kazi yake ilikuwa posta, anagonga mlango kwa mlango, kwa hiyo kila nyumba kaiona kwa ndani, na akaandika. Hii ndo ilinifundisha walivyokuwa wanafanya kazi. Hawakukaa ofisini wakingoja habari, kila mtu alikuwa anakusanya pale pale anapopata mkate wake. Walikuwa na madodoso kabisa, maswali yamepangwa kwa mada: wanawake, watoto, shule, magendo, rushwa, uhusiano na Wapoland. Watoto wa shule waliandikishwa insha. Halafu wakawa wanaweka na takataka, yaani vitu ambavyo mimi hapa dukani natupa kwenye ndoo: tiketi za tramu, maganda ya pipi, kadi za mgao, mialiko.

Katika hao 60 waliovuka vita wakiwa hai ni watatu. Hersz Wasser, mkewe Bluma, na Rachel Auerbach. Mwalimu kaniambia hiyo namba nisiiseme mwanzoni mwa episodi, wasikilizaji wawazoee watu kwanza. Nimekubali lakini hapa nimeiandika.

Machi 16

Tatizo la neno. Jana nilichukua klipu ya dakika tatu nikawapelekea vijana wa bodaboda hapo kijiweni mbele ya duka, wakiwa kwenye foleni ya abiria, nikasema sikilizeni mniambie mmeelewa nini. Kila nikisema "geto la Warsaw" wanacheka. Mmoja kauliza, dada, geto la nani hilo, ana sabufa?

Kwetu geto ni chumba cha kupanga cha kijana, godoro, redio, picha ya timu ukutani. Sikuliona hilo kabisa wakati naandika. Nikajaribu "mtaa uliofungwa", nikajaribu "mtaa wa ukuta", mwalimu akapendekeza "kitongoji cha Wayahudi" nikamwambia shikamoo mwalimu, lakini hapana, hiyo inasikika kama mahali pa kwenda kutembelea.

Mwisho nimeamua kulibakiza geto na kuanza episodi ya kwanza na huo huo utani. Nikarudi kijiweni. Nikawaambia sawa, chukua geto lako hilo hilo, toa sabufa, toa kitanda kama kinazuia, ingiza watu saba, na sio ndugu zako tu, na familia nyingine usiyoijua wamekuja na mtoto mgonjwa. Ndo wastani ulikuwa huo, watu saba na ushee kila chumba. Eneo lote kama kilometa za mraba 3.4, watu zaidi ya laki nne. Ukilifanya mraba, upande mmoja unautembea dakika ishirini na kitu, hata jasho halijatoka. Ukuta mita tatu. Na mgao wa chakula kwa Myahudi 1941 ulikuwa kalori 180 na kitu kwa siku, nikamwonyesha chapati ya mama anayeuza hapo pembeni, nikamwambia hii peke yake inazidi.

Yule wa sabufa aliishika ile chapati muda bila kuila. Baadaye kaila, ana njaa zake bana.

Kabla hata ya treni kuanza kuondoa watu, njaa na homa ya matumbo ya chawa, wanaita taifasi, zilishaua zaidi ya elfu themanini humo ndani. Mwalimu kanisahihisha hapo, taifasi sio taifodi, moja inaletwa na chawa nyingine maji na chakula, kwa hiyo "homa ya matumbo" nimeitoa kabisa kwenye skripti, nimeweka "homa ya chawa".

Machi 23

Umeme umekatika siku mbili, laptopu imelala. Hakuna kazi iliyofanyika ila maongezi.

Nilimuuliza mwalimu huku kwetu watu walikuwa wanaijuaje hii vita. Anasema wazee wakubwa walikuwa wanasema tu vita ya Hitla, na waliokwenda Keya, jeshi la Mwingereza, wakapelekwa Burma walirudi na hadithi za Mjapani, sio za Warsaw. Halafu kanikumbusha Tengeru, pale Arusha, Wapoland kama elfu tano walikaa pale kuanzia 1942, wengi akina mama na watoto. Nikaruka, nikasema hiyo ndo episodi yangu! Akanizuia. Wale walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na Warusi kutoka mashariki ya Poland kwenda Siberia huko, wakaachiliwa, wakapitia Uajemi mpaka huku, ni njia nyingine na mateso mengine, wengi wao sio Wayahudi. Ukiichomeka hapo kwa sababu tu ni karibu na nyumbani unakuwa umedanganya, kasema. Imeniuma kidogo maana utangulizi ulikuwa tayari mtamu kichwani. Imetoka.

Machi 30

Neno lingine. Episodi ya pili niliipa jina "Upinzani ndani ya geto". Mdogo wangu kacheka, anasema dada hiyo watu watadhani ni mambo ya vyama, wapinzani wametoka bungeni. Kweli kabisa. Uasi? Muasi anaasi serikali yake, wale haikuwa serikali yao. Mapambano? Hiyo inaleta bunduki tu, na mimi nataka na yule mwalimu anayefundisha watoto kwa siri jikoni wakati shule zimepigwa marufuku. Tumezunguka wee, mwalimu akaandika kwa kalamu nyekundu pembeni neno moja: "Kukataa."

Episodi ya pili sasa inaitwa Kukataa.

Ndani yake kuna watoto wanaopenya kwenye matundu ya ukuta kwenda upande wa pili kuleta viazi na mkate, wengine wadogo wa miaka saba minane, ndo wanalisha nyumba nzima, wakikamatwa wanapigwa risasi. Kuna madaktari wa geto, wakiongozwa na Izrael Milejkowski, wao wenyewe wana njaa, dawa hawana, wakaanza kupima kitaalamu mwili wa binadamu unavyokufa kwa njaa, moyo, damu, macho, kila kitu, maana walijua hakuna daktari mwingine duniani atakayepata nafasi hiyo, wala anayepaswa kuipata. Karatasi zao zilitoroshwa zikachapishwa 1946. Nilipoisoma hiyo nilifunga duka mapema.

Na kuna Szlamek. Huyu ndo nimempa nusu ya episodi. Kijana aliyelazimishwa kuzika maiti Chełmno, kambi ya kwanza ambayo Wajerumani waliiweka mahsusi kuua watu kwa gesi, kuanzia Desemba 1941, ndani ya magari yaliyofungwa, moshi unaingizwa humo humo nyuma walipo watu. Anazika watu wa jamii yake siku baada ya siku. Januari 1942 akatoroka, akafika Warsaw, Hersz na Bluma Wasser wakakaa naye wakamwandika neno kwa neno. Kikundi kikatengeneza ripoti, ikapitishwa kwa Wapoland wa chinichini mpaka London, na Juni mwaka huo huo redio ya London ikatangaza mauaji ya Wayahudi wa Poland. Ringelblum aliposikia aliandika kwamba kikundi kimetimiza kazi yake kubwa. Kwamba sasa dunia imejua. Mwezi mmoja hata haujaisha treni za kupeleka watu wa geto kwenye kambi ya mauaji ya Treblinka zikaanza.

Szlamek mwenyewe walimhamishia Zamość akae salama. Kutoka huko akatuma taarifa kwamba kuna sehemu nyingine inaua, Bełżec. Wakamkamata wakampeleka huko huko Bełżec.

Tumebishana na mdogo wangu kuhusu polisi wa Kiyahudi. Ndani ya geto kulikuwa na polisi Wayahudi, wengine walikula rushwa, wengine baadaye walisaidia kukamata watu kuwapeleka kwenye treni, na kulikuwa na matajiri wa magendo wanakula kuku mgahawani huku nje mtoto amelala barabarani amekufa kafunikwa gazeti. Mdogo wangu anasema toa hiyo, unawachafua waliouawa, watu wabaya wataitumia. Wasiwasi wake naelewa, nimeona maoni ya watu kwenye magrupu, kuna mtu akisikia neno Myahudi tu tayari ana hasira za habari za juzi au ana mahubiri ya Jumapili, hakuna binadamu hapo katikati. Lakini Ringelblum ndiye aliyetaka yaandikwe. Rushwa ilikuwa mada kamili kwenye madodoso yao. Walikataa kujiandika kama malaika, na mimi nani nije niwasafishe miaka themanini baadaye kutoka Morogoro? Imebaki. Dakika mbili na nusu.

Aprili 7

Mvua. Bati la duka linavuja upande wa rafu za nyuma, mwenye nyumba nimemwambia tangu Januari anasema inshallah, sasa juzi usiku maji yameingia kwenye boksi la mitihani ya majaribio ya shule moja, nakala mia mbili na kumi, kesho yake wanakuja kuchukua. Nimekaa na binti anayenisaidia kuanzia saa moja asubuhi tunatenganisha karatasi moja moja. Karatasi iliyolowa ikiwa kwenye bunda haiachii, ukivuta kona inachanika, lazima uingize kisu butu cha siagi taratibu, upulize, uweke karatasi kavu katikati, ugeuze, ukandamize. Zilizochapwa kwa tona zimepona. Zile za jalada zilizoandikwa kwa kalamu ya wino zimekuwa wingu la bluu. Penseli haijatetereka hata kidogo.

Nimeandika hii humu kwenye shajara ya mradi kwa sababu usiku nilirudi kwenye skripti ya episodi ya tano, pale ambapo Septemba 1946 wanafungua yale maboksi ya bati ambamo kikundi kilifukia makaratasi yake na kukuta maji yaliingia, maana hayakuzibwa vizuri, kijana aliyekuwa anafukia hana muda, hana vifaa, nje wanakamata watu. Karatasi zimelowa na ukungu juu. Nilikuwa nimeandika sentensi moja, "karatasi ziliharibika kiasi". Nimeifuta. Nimeandika upya ukurasa mzima jinsi mtu anavyotenganisha karatasi iliyolowa, maana sasa najua mkono unavyokaa, na mimi ilikuwa mitihani ya hesabu tu.

(Shule walielewa. Punguzo la asilimia kumi.)

Aprili 13

Tumerekodi episodi ya tatu. Ndo ile ya kufukia.

Tarehe 22 Julai 1942 Wajerumani walianza kuwaondoa watu, wakisema wanahamishiwa mashariki kikazi. Kesho yake Adam Czerniaków, mkuu wa baraza la Wayahudi, akajiua. Mwisho wa Julai matangazo yakabandikwa, anayejitokeza mwenyewe kwenye treni anapewa mkate kilo 3 na jamu kilo 1. Watu walijitokeza. Kalori 180 kwa siku, mwaka mzima, halafu mtu anakuwekea mkate kilo tatu mbele yako. Mpaka Septemba tarehe 21 walikuwa wamepelekwa Treblinka watu kama 265,000, na Treblinka haikuwa na kazi yoyote, ulishuka ukauawa.

Katikati ya hiyo, tarehe 2 na 3 Agosti, mwalimu mmoja Israel Lichtenstein na vijana wawili waliokuwa wanafunzi wake, Dawid Graber miaka 19 na Nachum Grzywacz miaka 18, walikuwa kwenye chumba cha chini cha shule, mtaa wa Nowolipki namba 68, wanachimba. Maboksi 10 ya bati yamejaa karatasi. Kila mmoja akaandika wosia akauweka humo humo.

Graber aliandika kwamba yale waliyoshindwa kuipigia dunia kelele wameyafukia ardhini, na kwamba angetamani kuiona siku hazina hiyo itakapofukuliwa. Grzywacz aliandika kwamba amesikia mtaa wa wazazi wake umezingirwa, anakimbia kwenda kuwaangalia, hajui litakalompata, basi mkumbuke jina langu ni Nachum Grzywacz. Lichtenstein alisema hataki shukrani wala mnara, anataka mke wake akumbukwe, Gela Seksztajn, mchoraji, na michoro yake iko humo kwenye boksi, na binti yao Margolit akumbukwe, leo ana miezi ishirini, anaongea Kiyidishi vizuri kabisa.

Nilimpa mdogo wangu asome sehemu ya Graber kwa sababu ana miaka 19 na sauti yake bado ya kijana. Mara ya kwanza kasoma kama anatangaza mpira. Mara ya pili sawa. Mara ya tatu nikamwambia ile ya pili imetosha, akasema hapana, turudie, nimeharakisha pale kwenye kufukua. Tumerudia mara saba. Sijawahi kumwona mvumilivu hivyo hata kwa mambo yake mwenyewe. Tulipomaliza akauliza, "Dada, huyu wa kumi na nane, wazazi wake aliwakuta?" Sijui. Nimetafuta, sina jibu.

Kuhusu Margolit mwalimu aliweka mstari mwekundu chini ya "anaongea Kiyidishi vizuri kabisa" na pembeni hakuandika kitu.

Aprili 19

Leo ndo tarehe yenyewe. 19 Aprili 1943, mkesha wa Pasaka ya Kiyahudi, Wajerumani waliingia getoni kumaliza waliobaki wakakuta watu wanawapiga. Episodi ya nne imetoka saa kumi na mbili asubuhi, kwa makusudi.

Kifupi maana yote iko kwenye sauti. Kikundi cha wapiganaji, ŻOB, kiliundwa 28 Julai 1942, treni zikiwa tayari zinakwenda, Mordechai Anielewicz akaja kukiongoza, kijana wa ishirini na kidogo. Kulikuwa na kikundi kingine pia, ŻZW. Januari 1943 walijaribu kwa mara ya kwanza kurudisha risasi. Aprili ikawa vita kamili, bastola, mabomu ya chupa za petroli, bunduki chache za kuhesabu, dhidi ya jeshi. Wajerumani waliposhindwa kuwatoa kwa risasi wakachoma nyumba moja baada ya nyingine. Handaki la Miła 18 likaanguka 8 Mei, Anielewicz akafia humo. 16 Mei jenerali wao Stroop akalipua sinagogi kubwa ya mtaa wa Tłomackie kusherehekea. Ilichukua karibu mwezi mzima.

Kitu nilichokipenda mimi ni kwamba Ringelblum, baadaye akiwa mafichoni, aliandika habari za Anielewicz, na anasema mwanzoni alikuwa anamjua kama kijana anayekuja kwake kuazima vitabu. Vya historia na uchumi.

Na maua. Warsaw kila tarehe hii watu wanavaa ua la njano la karatasi kifuani, kwa sababu Marek Edelman, mmoja wa makamanda walionusurika, alikuwa anapelekewa maua ya njano kila mwaka kwenye kumbukumbu. Nimekata ya karatasi ya manila njano hapa dukani, ishirini na tano, nimeyaweka kaunta bure. Yamechukuliwa yote ndani ya saa mbili, wawili watatu waliuliza ni ya nini, mmoja alidhani ni ya Yanga.

Namba: hii episodi imesikilizwa zaidi ya zile tatu za kwanza kwa pamoja. Yaani bunduki inauza. Ile ya kufukia, ambayo mdogo wangu karudia mara saba, watu wengi wameishia dakika ya nne. Nina donge kidogo, siwezi kuficha.

Aprili 27

Ya tano. Rachel Auerbach. Getoni aliendesha jiko la supu mtaa wa Leszno namba 40, akawa anaandika wanaokuja kula, leo yupo, kesho amevimba miguu, wiki ijayo haonekani. Alitoka 1943 akaishi upande wa pili kwa vyeti vya uongo. Vita ikaisha, akarudi na wimbo mmoja, chini ya vifusi kuna nyaraka, zichimbwe. Watu wamechoka, wengine wanawaza kuondoka Poland, pesa hakuna, geto zima limelala chini, kwenye picha unaona kanisa la Nowolipki peke yake limesimama na bahari ya matofali kuzunguka. Yeye anang'ang'ana. Hersz Wasser ndiye aliyejua mahali. 18 Septemba 1946 wakayafikia maboksi 10.

Sehemu ya pili ya nyaraka, iliyofukiwa Februari 1943 ndani ya keni mbili za maziwa, ilitoka 1 Desemba 1950, na haikutafutwa siku hiyo, wajenzi tu walikuwa wanachimba. Keni zilitunza karatasi vizuri kuliko maboksi. Kifuniko kinabana. Mtu aliyechagua keni mara ya pili sijui nani, ila mimi kama mtu wa karatasi namvulia kofia.

Ringelblum mwenyewe hakuona chochote kikifukuliwa. Alikuwa kwenye handaki chini ya banda la mimea mtaa wa Grójecka, karibu watu arobaini wamejibana, na mle mle anaandika kitabu kizima kuhusu Wapoland na Wayahudi wakati wa vita. Aliyewaficha ni mtunza bustani, Mpoland, Mieczysław Wolski. 7 Machi 1944 wakagunduliwa. Ringelblum, mkewe Yehudit, mtoto wao Uri, wote waliuawa siku chache baadaye, na Wolski naye.

Mwalimu safari hii hakuweka nyekundu hata moja. Kaandika "sawa".

Mei 4

Imebaki ya sita. Inahusu kisichopatikana. Inaaminika kulikuwa na sehemu ya tatu, ilifukiwa mtaa wa Świętojerska namba 34 siku chache kabla ya mapigano, na leo pale ni bustani ya ubalozi wa China. Walichimba 2003, hawakuipata. Zilizopatikana zote, kurasa kama elfu 35, ziko Tłomackie, kwenye jengo lililokuwa maktaba pembeni ya ile sinagogi iliyolipuliwa, na sakafuni pale ukumbini bado kuna alama za moto.

Mdogo wangu anataka sauti ya kifuniko cha keni ya maziwa kinachofunguka, ndo ifungue na ifunge episodi. Tumejaribu sufuria, tumejaribu debe la rangi, vyote vinasikika jikoni. Nimeongea na baba mmoja anayeleta maziwa kutoka Mvomero, ana keni za alumini za zamani za lita arobaini. Kanipa moja kwa sharti kwamba saa kumi alfajiri iwe imerudi, imeoshwa, haina harufu ya kitu.

Saa hizi ni saa tano usiku, keni iko katikati ya duka, feni nimezima, milango nimefunga. Kifuniko kimekaza, tumevuta wawili hakijatoka. Mdogo wangu kaenda kutafuta bisibisi.